Kisanduku cha MIDI cha Kujiundia: Nobu Isiyotulia!

Haya wapendwa, karibuni tena. Leo mezani kuna kisanduku cha MIDI, ile lugha ambayo vyombo vya muziki vya kielektroniki na kompyuta huambiana kwayo, cha kujiundia: nobu nne za kuzungusha, vitufe vinne, bodi ndogo yenye chipu ya ATmega32U4. Mambo ya waya nayaruka, mnayajua. Chipu hii nimeichagua kwa sababu inaongea USB yenyewe. Ukichomeka tu, kompyuta inaiona kama kifaa cha MIDI. Arduino Uno ya kawaida, ile bodi ya wanaoanza, itakuzungusha kwanza.

Sasa sogeeni, tazameni skrini. Mikono yangu iko juu, siigusi nobu. 63, 64, 63, 64, 64, 63... Nani anazungusha? Hakuna! Na sikilizeni filta, kichujio cha sauti cha sinthesaiza, inatetemeka kama mwenye homa. Hii kitu inakera jamani! Bodi inasoma volti ya nobu kama namba kuanzia 0 hadi 1023, lakini nobu ya MIDI inatuma 0 hadi 127 tu, kwa hiyo kila hatua 8 zinabanwa kuwa namba moja. Nobu ikisimama pale mpakani, umeme ukiyumba kidogo tu namba inaruka, na kila ikiruka ujumbe mpya unatumwa.

Dawa yake: programu isitume chochote mpaka usomaji uhame hatua 6 au zaidi kutoka ule uliotumwa mwisho. Ngoja nipakie... haya. 64. 64. 64. Nazungusha, inafuata. Naacha, imetulia. Umeona raha hiyo?

Ndiyo, vya dukani vinakuja vimeshatulia, na ukihesabu muda wako huenda hata vikawa nafuu. Nilikuja hapa kukiponda hiki kisanduku, lakini cha dukani kitanipa hiki? Nimeng'oa nobu moja, nikaweka kihisi cha mwanga. Napitisha kiganja juu yake, filta inafunga. Natoa, inafunguka. Tena! Aisee, hapa ndipo kimenipata.

Kabla sijasahau, jisajilini, chaneli inaanza matangazo ya moja kwa moja ya kuunda vifaa pamoja. Wenye vinanda vya zamani vya plagi ya pini 5, lugha ni ileile ya 1983, biti 31,250 kwa sekunde, ila upande wa kupokea wekeni optokapla, chipu inayopitisha ishara kwa mwanga bila vifaa viwili kuungana kwa umeme. Na mnaoniuliza kila siku kuhusu bodi ndogo ya Raspberry Pi Pico: inafaa, nayo inaongea USB yenyewe, ila dawa ya kutetemeka mtaihitaji hukohuko. Msimbo uko kwenye maelezo hapo chini.