Protini ya CD16a kutoka seli za HEK293: tathmini baada ya vichupa vitatu

Kwa muda wa mwaka mmoja maabara yetu, ambayo hupima kingamwili za malaria katika plazma ya wakazi wa pwani, imekuwa ikitumia kipokezi cha CD16a kilichotengenezwa kwa kupandikiza jeni ya binadamu katika seli za HEK293, yaani seli za figo za binadamu zinazokuzwa maabara. Tumenunua vichupa vitatu, vyote vya aina ya V158 (yenye amino asidi ya valini kwenye nafasi ya 158) vikiwa vimekwisha kupachikwa bayotini, molekuli ndogo inayotumika kama ndoano, kutoka kwa muuzaji mmoja ambaye sitamtaja, kwa kuwa si yote nitakayoyaeleza ni ya kumsifu.

Katika mwili, CD16a hukaa juu ya seli za NK, ambazo ni seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa, na kuushika mkia wa kingamwili ya IgG iliyokwisha kunasa shabaha yake, na hapo ndipo seli inapochochewa kuua. Ndiyo maana kujua wingi wa IgG pekee hakututoshi: watoto wawili wanaweza kuwa na kiasi kilekile cha kingamwili, huku za mmoja zikikivuta kipokezi kwa nguvu na za mwenzake zikikigusa tu. Sisi hutandaza antijeni ya AMA1, protini ya kimelea cha malaria, kwenye sahani yenye vishimo 96, tukaweka plazma, tukaosha, tukaongeza kipokezi, kisha streptavidini, protini inayoinasa bayotini, iliyobeba kimeng'enya cha kutoa rangi. Plazma za watu wazima waliokulia kwenye malaria hugeuka samawati iliyokolea katika dakika chache, na tindikali ikiingia huwa manjano. Za watu wasiowahi kuugua malaria hubaki karibu na maji. Kwa vichupa vyote vitatu tofauti hiyo ilikuwa wazi, na vishimo pacha vilikubaliana vizuri.

Suala la seli zilizotumika kuitengeneza si la kupuuzwa na anayetafuta bei nafuu. CD16a ina sehemu tano za kupachikwa sukari, na ile iliyo kwenye asparajini ya 162 ndiyo inayokiwezesha kipokezi kuitambua IgG isiyo na fukosi (aina moja ya sukari) na kuishika kwa nguvu zaidi. Protini iliyotengenezwa katika bakteria wa E. coli haina sukari hizo. Itaishika IgG, lakini uwezo huo wa kubagua hautakuwepo. Kwa malaria hasara hiyo ni kubwa, kwa sababu utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba maambukizi ya asili huzalisha IgG isiyo na fukosi dhidi ya protini za kimelea zinazojitokeza juu ya chembe nyekundu za damu. Tulipoipitisha protini yetu kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa, haikusimama kwenye kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 25 hivi zinazotokana na hesabu ya amino asidi zake, bali ilitoa mstari mpana uliotawanyika kati ya 40 na 50. Mwanafunzi wetu alidhani imechafuka. Utawanyiko huo ndio sukari yenyewe, na mimi ulinifurahisha.

Karatasi ya maelezo ndiyo iliyonikera. Ukurasa wa kwanza unasema V158, wa pili unasema V176, bila neno la kueleza kwamba ni amino asidi ileile, iliyohesabiwa mara moja pamoja na kipande cha mwanzo ambacho seli hukikata na mara nyingine bila hicho kipande. Mtu mgeni anaweza kuagiza kitu asichokihitaji, kwa kuwa aina ya pili, F158, yenye fenilalanini mahali pa valini, huishika IgG1 kwa udhaifu zaidi na hutaka protini nyingi ili rangi ionekane.

Vichupa viwili vya kwanza vilikuja vikiwa vimekaushwa. Ukikiinua kimoja kwenye mwanga utadhani umetapeliwa, maana hakuna kinachoonekana ila utando mwembamba kama pumzi kwenye kioo. Kisentrifyujiwe, yaani kizungushwe kwa kasi ili unga ushuke chini, kabla ya kufunguliwa. Sisi cha kwanza tulikifungua moja kwa moja, na bila shaka sehemu ya fedha za mradi ilibaki kwenye kifuniko. Baada ya kuyeyusha tunagawa katika mirija ya maikrolita 10 na kuihifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, na mrija uliokwisha kuyeyuka haurudi kwenye friza.

Cha tatu kilitumwa kikiwa kimiminika ndani ya barafu kavu, bila sisi kuulizwa. Kilikwama uwanja wa ndege siku sita kikisubiri kibali, na tulipofungua boksi tulikuta sponji na karatasi tu, barafu yote imeyeyukia hewani. Muuzaji alijibu baada ya wiki mbili kwamba protini "inapaswa kuwa salama". Tuliipima sambamba na mrija wa bechi ya zamani uliokuwa umebaki, na kwa plazma ileile rangi yake ilikuwa hafifu zaidi, kiasi kwamba tunaitumia kufundishia pekee.

Oda ijayo nimeandika iwe ya unga mkavu, vichupa viwili vya bechi moja, na nimeomba cheti cha ubora cha bechi hiyo nikione kabla ya kulipa.