Nimeambiwa nikapime masikio kwa sababu ya diski ya A Star Is Born

Nimekata uzi wa gitaa kwa ajili ya filamu. Sisemi kwa mafumbo. Uzi wa kwanza, ule mwembamba, ulikatika ukanichapa kidole cha shahada nikiwa nimekaa mbele ya televisheni nahangaika kulipandisha gitaa limfikie Lady Gaga. Sikuwa nimelewa. Mlevi alikuwa yule wa kwenye skrini.

Anayetaka kujua ubora wa picha na idadi ya chaneli za sauti akasome nyuma ya jalada. Hadithi nayo nadhani mnaijua: mwanamuziki mkubwa anayezama kwenye pombe anamkuta dada asiyejulikana akiimba kwenye baa, anampandisha jukwaani, wanapendana, nyota ya dada inapanda huku ya kwake ikishuka. Hii ya 2018, aliyoiongoza Bradley Cooper akacheza mwenyewe huyo mwanamuziki, Jack, na Lady Gaga akawa dada, Ally, ni mara ya nne kusimuliwa, baada ya 1937, 1954 na 1976. Mimi niliiona ukumbini ilipotoka nikarudi nyumbani kimya kabisa, mpaka mke wangu akauliza kama nimepoteza simu. Tangu siku hiyo niliapa lazima diski yake ikae nyumbani. Si ya kupakua, si ya kuazima. Diski, yenye jalada.

Miaka ikapita, mambo ya dunia, hatimaye wiki kadhaa zilizopita nikaagiza DVD kwa muuzaji mmoja. Ilifika salama, jalada linang'aa, halina hata mkwaruzo. Mpaka hapo nilikuwa tayari kuwapa nyota tano na dua juu yake.

Sasa mimi huwa natazama filamu za muziki na gitaa mapajani. Ni tabia mbaya, najua, nimeshagombezwa sana. Ikafika ile sehemu Jack anayomwita Ally jukwaani mbele ya maelfu ya watu, ule wimbo wa Shallow. Wimbo huo nimeupiga mpaka vidole vinaujua vyenyewe: unaanza kwa kudonoa kordi ya Em, unapita D, unatua G. Jack akaanza kudonoa, nami nikadonoa. Loh! Kelele iliyotoka hapo ni kama paka wawili wamefungiwa kwenye ndoo. Nikasimamisha filamu, nikatuni gitaa upya kwa programu ya simu, sahihi kabisa, nikarudia. Paka walewale. Mke wangu akapaza sauti kutoka chumbani, "Baba, hilo gitaa lako limelegea."

Nikamwamini. Nikakaza. Nikasogeza kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye kibati cha kwanza, yaani nimepanda nusu toni, nikasema labda kwenye filamu waliupandisha. Sasa gitaa likawa juu na wao wakawa chini kidogo. Hawakuwa kwenye G, hawakuwa kwenye G kali iliyo nusu toni juu yake, walikuwa wananing'inia katikati, mahali ambapo hakuna mwanamuziki anayeishi. Nikatoa kapo, nikaanza kukaza nyuzi moja moja kwa sikio, taratibu, nikiifuata sauti ya televisheni. Huo uzi wa kwanza ndipo ulipoaga.

Nilifungua albamu ya filamu hiyohiyo kwenye simu. Wimbo uleule, waimbaji walewale. Kwenye simu, G safi. Kwenye diski, wamekunywa kahawa ya ziada: wanaimba juu zaidi na haraka zaidi. Ukishausikia huo mpishano huwezi tena kuusahau. Niliendelea kutazama, lakini kila Ally alipofungua mdomo nilisikia msichana mdogo kuliko yule niliyemsikia ukumbini.

Nikamwandikia muuzaji. Nilikuwa na adabu zangu zote wakati huo.

"Habari yako kaka. Diski niliyochukua kwako ina shida kidogo, sauti iko juu."

Akajibu upesi: "Punguza voliyumu bosi."

Nikacheka, nikaona kosa ni langu, sijaeleza vizuri. Nikaandika tena: "Si kelele kaka, nazungumzia kii. Nyimbo zote ziko juu karibu nusu toni, na filamu inakwenda mbio."

Kimya. Alisoma, nikaona kabisa kwamba amesoma. Baada ya muda mrefu ndipo ikaja: "Wateja wote wameitazama hakuna aliyelalamika. Hiyo ni muvi bosi sio kwaya. Labda kapime masikio." Akamalizia na kile kikatuni kinachocheka hadi machozi.

Kapime masikio! Yaani katika filamu zote duniani, uniambie hivyo kwa hii. Jackson Maine mwenyewe masikio yanamlia nziii kutwa nzima, anapoteza usikivu, kaka yake anamsihi avae vile vidude vya sikioni jukwaani, hataki. Nusu ya huzuni ya filamu nzima imo mle masikioni. Sasa na mimi nikaanza kujishuku. Nilikaa kitandani usiku nasikiliza ukimya, natafuta kama kuna nziii yoyote. Msinicheke. Mtu akikwambia u kiziwi kwa uhakika kiasi kile, unaangalia.

Aliyeniokoa ni rafiki yangu mmoja anayehariri video kwa kazi. Sikumaliza hata sentensi. "Diski yako ni ya PAL," akasema, kama daktari anayetaja malaria.

Alivyonieleza ni hivi, na ndiyo sababu nimeamua kuandika badala ya kununa peke yangu. Sinema hupigwa na kuonyeshwa kwa fremu 24, yaani picha 24, kila sekunde. Lakini PAL, mfumo wa televisheni za zamani za Ulaya na za nchi nyingi za Afrika, ulijengwa kwenda kwa 25, kwa kufuata umeme wetu wenye mizunguko 50. Basi ilipofika kuiweka sinema kwenye DVD ya huku, hawakuhangaika kubuni fremu iliyopungua. Waliikimbiza tu filamu, 24 zichezwe kama 25. Kasi inapanda kwa asilimia 4 na kidogo, na sauti isiporekebishwa inapanda nayo, kama saba ya kumi ya nusu toni. Ndiyo ile nafasi kati ya G na G kali nilikoachia uzi wangu! Nilitaka kumbusu yule bwana. Marekani umeme wao ni wa mizunguko 60, wao wana njia nyingine ya kurudiarudia fremu, picha inakwama kidogo kamera inapozunguka lakini kii inabaki mahali pake. Kuna watengenezaji wa diski za PAL ambao huirudisha sauti chini kwa mashine kabla ya kuichapa. Kwa diski hii niliyonayo mimi, hakuna aliyejisumbua.

Kwa hiyo filamu ya dakika 136 nyumbani kwangu inakwisha kwa dakika 130 na ushee. Hawajakata hata onyesho moja. Dakika tano na nusu zimeliwa kwa kukimbia tu.

Kwa filamu ya mabomu na magari, sawa, nani atajua? Lakini hii! Gaga alishikilia kwamba nyimbo ziimbwe moja kwa moja mbele ya kamera, hakuna kuchezesha midomo. Walikwenda kurekodi kwenye jukwaa halisi la Glastonbury, tamasha la muziki la Uingereza, mwaka 2017, Kris Kristofferson, yule aliyecheza nafasi hiyohiyo mwaka 1976, akamwachia Cooper dakika chache katika muda wake mwenyewe. Cooper alikaa miezi anafundishwa kuishusha sauti yake iwe nzito, ifanane na ya Sam Elliott aliyecheza kaka yake, mpaka kwenye filamu kaka huyo anamtuhumu Jack kwamba ameiba sauti yake. Miezi ya kushuka! Halafu diski inampandisha kwa saba ya kumi ya nusu toni bila hata kumuuliza. Jack wa DVD yangu ni jamaa wa kawaida mwenye mafua.

Nyota moja. Nilishaandika hivyo, moja, na maneno mengine nimeyafuta kwa sababu mama yangu naye huwa anasoma vitu vyangu.

Lakini ngoja niwe mkweli, kwa sababu hasira ya juzi si hasira ya leo. Usiku ule wa kwanza, pamoja na paka na ndoo na damu kidogo kwenye kidole, niliimaliza filamu. Na ile ya mwisho, Ally akiwa peke yake mbele ya okestra, halafu wanakata kurudi kwake na Jack nyumbani kwenye piano, nililia. Kwa kii mbovu, kwa kasi ya mbio, nililia kama mtoto. Kwa hiyo diski ni mbaya au si mbaya? Sijui. Tuseme nyota mbili na nusu. Kwa mtu asiyepiga ala yoyote, na ambaye hana albamu ya kulinganishia, tuseme tatu.

Kisha nikakumbuka jambo lingine hasira ikarudi. Diski ya kwanza ilitoka mapema 2019. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo, wakatoa nyingine yenye dakika 12 za ziada, pamoja na muziki ambao haukuwepo ukumbini mara ya kwanza. Aliyekuwa mwaminifu akawahi, ndiye aliyepata pungufu. Hii hadithi ina mkosi na urefu wake. Ile ya 1954 ya Judy Garland ilitoka ikiwa na saa tatu na dakika moja, studio ikaikata karibu nusu saa baada ya uzinduzi, na ilipofika 1983 wanataka kuirudisha wakakuta baadhi ya picha zimeshapotea, sauti tu ndiyo ipo, ikabidi sehemu hizo wazijaze kwa picha za mgando. Angalau wale walikuwa na aibu ya kuhangaika. Mimi zangu tano na nusu zimeyeyuka na naambiwa nikapime masikio. Nyota moja na nusu.

Huyo rafiki yangu mhariri aliniazima Blu-ray yake, diski ya kisasa kuliko DVD, pamoja na mashine, kwa sharti nisiishike diski kwa vidole vya gitaa. Hapo filamu inakwenda kwa 24 zake za halali. Nilifunga uzi mpya, nikatuni, nikakaa. Jack akadonoa Em. Nikadonoa Em. Jamani. Tuliingia pamoja kama maji kwenye mtungi. D, kisha G, na sikuwa nimegusa kapo. Na sauti ya Cooper ikawa ile, inayotoka chini ya kifua, nikaelewa upya kwa nini Ally alimsogelea pale kwenye maegesho ya magari huku mkono umefungwa pakiti ya njegere za barafu. Hata maongezi yana nafasi ya kupumua. Tofauti ya asilimia nne kwenye maongezi huwezi kuitaja kwa jina, ila unaona watu hawakatizani tena.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mwepesi, nunua Blu-ray, DVD ya PAL achana nayo. Ningeishia hapo ningekuwa nimetenda haki.

Ila tulipofika mwisho, Ally yuko mbele ya okestra, nilikuwa nimeinamia gitaa nasaka noti yake ya kwanza. Niliipata. Nikafuata ya pili, nayo ikakubali, na ya tatu. Nilikuwa na furaha isiyo kifani. Nilipoinua kichwa majina ya waigizaji yalikuwa yanapanda na mke wangu anafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Umeona alivyotazama kamera pale mwisho?" akaniuliza.

Nikasema, "Mama, iko sawasawa kabisa. Haijapanda hata kidogo."

Alinitazama muda. Kisha akachukua rimoti, akarudisha nyuma hadi wimbo unapoanza, akaja akalitoa gitaa mapajani mwangu akaliegemeza ukutani, mbali.

Muuzaji hajajibu ujumbe wangu wa tatu, ule wa maelezo marefu yenye fremu na mizunguko ya umeme. Amesoma. Diski sijairudisha, nyota nimeziacha mbili.