Hifadhi ya tafiti ya chuo cha mtandaoni: mzigo mtamu, anwani ya uongo

Chuo sikitaji, wenyewe watajijua. Ni cha mtandaoni, wanafunzi wake wametawanyika, na tafiti zao zote huwekwa kwenye hifadhi moja ya kidijitali ambayo naitumia karibu kila wiki. Nilitaka kuipa nyota nne. Nimeshuka mpaka mbili kwa sababu ya namba moja tu: 123456789.

Fungua tasnifu yoyote pale. Chini ya jina la mtafiti kuna mstari unaokuambia utumie anwani iliyoandikwa hapo ukinukuu. Inaanza na hdl.handle.net, mkwaju (/), 123456789, mkwaju tena, kisha namba ya tasnifu yenyewe. Hebu iangalie hiyo ya katikati. Moja mpaka tisa, kama mtoto anajifunza kuhesabu! Hiyo si namba ya chuo. Ni namba ya mfano inayokuja na DSpace, programu wanayohifadhia kazi, ikae hapo hadi mwenye nyumba aweke yake. Hawakuweka. Ukiibonyeza anwani hiyo, mfumo wa Handle, ule wa kimataifa unaotunza anwani za kudumu za kazi za mtandaoni, unakujibu kwamba haijapatikana. Haijawahi kusajiliwa, itapatikanaje? Na kwa kuwa vyuo vingi duniani vimefanya uvivu huohuo, namba hiyohiyo nzima inaweza kuwa tasnifu nyingine kabisa kwenye hifadhi ya watu wengine.

Niliwaandikia. Jibu lilikuja siku nyingi baadaye, mstari mmoja, bila hata salamu: "Kwetu inafunguka, angalia intaneti yako." Intaneti yangu! Kwao inafunguka kwa sababu wanabonyeza kichwa cha tasnifu, ambacho ni linki ya kawaida ya tovuti. Mstari wa kunukuu hawajaugusa.

Maana yote ya Handle ni kwamba seva inaweza kuhama, tovuti ikabadilishwa jina, ila anwani ya kunukuu ikabaki ileile. DOI, zile namba za kudumu za makala tunazozijua kwenye majarida, zinakaa juu ya mfumo huohuo. Ndiyo maana zote huanza na 10. Ada ya kumiliki namba ni kama dola 50 za Marekani kwa mwaka. Hamsini! Mahafali moja inakula zaidi ya hapo kwa maji ya chupa.

Kazi yenyewe haimalizi siku ya mtu anayejua seva. Unatengeneza usanidi wa Handle ndani ya DSpace, unapata faili la sitebndl.zip, unalituma kwa wasajili wa Handle, wanakupa namba yako. Unaiweka kwenye local.cfg, faili la mipangilio ya DSpace, penye handle.prefix. Unachukua nakala ya kanzidata kwanza (narudia: kwanza), ndipo unaendesha amri ya update-handle-prefix ibadilishe rekodi zote za zamani, halafu unajenga faharasa upya, la sivyo utafutaji utaendelea kuleta namba za zamani. Mwisho unawasha seva ya Handle. Wengi hukwama hapa: wanasahau kufungua poti (milango ya mtandao) 2641 na 8000 kwenye ukuta wa moto (firewall), seva inawaka vizuri, na nje hakuna anayeifikia.

Kwa hawa jamaa kidonda kimetiwa chumvi. Walihamia toleo jipya la DSpace, na kuanzia la 7 hakuna tena jspui, sura ya zamani ya tovuti ambayo jina lake lilikaa ndani ya linki. Linki zote zilizokuwa na neno hilo zikafa siku moja. Mstari mmoja wa kuelekeza upya kwenye Nginx, programu ya seva inayopokea wageni wa tovuti, ungeziokoa. Haukuandikwa. Kwa hiyo anwani ya kudumu haikuwahi kuishi, na ile ya muda nayo imezikwa.

Ukikwama, fanya hivi. Chukua linki iliyokufa, futa jspui na mkwaju wake mmoja, acha handle na namba zinazofuata. Mara nyingi tasnifu inafunguka, kwa sababu namba ya mwisho haijabadilika. Ikigoma, weka kichwa kizima ndani ya alama za kunukuu kwenye Google Scholar, Google ya kutafutia kazi za kitaaluma. Ikigoma tena nenda CORE, mkusanyaji anayeendeshwa na Open University ya Uingereza, ambaye huvuna kutoka maelfu ya hifadhi na kwa kazi nyingi huwa na nakala yake ya PDF. Nao hao ni chuo cha masafa, tangu 1969. Chuo cha Athabasca cha Kanada, nacho cha masafa, kinatoa jarida zima la elimu masafa bure tangu 2000. Kwa hiyo asije mtu kuniambia kufundishia mtandaoni ndiko kunakoleta uzembe huu.

Sasa kinachoniudhi zaidi: mzigo wenyewe ni mzuri. Wanafunzi wa vyuo hivi wengi wako kazini, na inaonekana. Muuguzi anaandika juu ya daftari la dawa la zahanati analolijaza mwenyewe. Mwalimu anapima kwa nini darasa la simu linakimbiwa kila bando linapoisha, na ameweka dodoso lake lote kwenye viambatisho, unaweza kulichukua na kulitumia. Kuna ya kamati ya maji ya kijiji, kuna ya mizinga ya nyuki, kuna ya hati za ardhi za wajane. Chuo cha majengo hakipati mchanganyiko huo kirahisi. Nikikaa humo nasahau hasira, nyota zinapanda zenyewe hadi nne.

Kisha nafika kwenye marejeo ya tasnifu mpya ya chuo hichohicho, nakuta mwanafunzi amenukuu wenzake sita kwa utiifu, kama alivyoelekezwa na mwongozo wa uandishi. Zote sita 123456789. Nimezibonyeza moja moja. Basi ziwe mbili. Na ya pili nampa yule muuguzi.