Dawa za presha za mama: uzoefu wangu wa kuagiza mtandaoni tangu 2020

Mama yangu anameza dawa mbili za presha kila siku, amlodipine ya miligramu 5 asubuhi na losartan ya miligramu 50 jioni. Tunaishi Bombo, wilayani Luweero, na dawa hizo naziagiza kwa simu kutoka famasi moja ya Kampala inayouza mtandaoni. Nilianza kwa kukosa njia nyingine: Machi 2020, usafiri wa abiria uliposimamishwa kwa sababu ya korona, bodaboda waliruhusiwa kubeba mizigo tu, na dawa za mama zikawa mzigo. Usafiri umerudi siku nyingi, lakini mimi sikurudi kwenye foleni.

Wanaoniuliza sababu hudhani ni bei. Sivyo. Boksi la losartan mtandaoni halijawahi kuwa rahisi kuliko la dukani, na wakati mwingine huzidi kwa shilingi elfu moja au mbili. Ninachokilipia ni kujua, kabla sijatoa hata senti ya nauli, kama dawa ipo. Matibabu katika vituo vya afya vya serikali ni bure tangu ada zilipofutwa mwaka 2001, ila shehena inapokwisha mgonjwa hupewa kijikaratasi na kuambiwa akanunue nje. Huko nje karibu na kwetu ni duka dogo la dawa, ambalo kisheria linaruhusiwa kuuza zile zisizohitaji cheti cha daktari. Dawa ya presha ni ya famasi yenye mfamasia. Basi unapanda taksi hadi mjini, unatembea William Street mlango kwa mlango, na mara mbili nimerudi Bombo mikono mitupu, nauli imekwenda, mama anauliza kwa macho tu.

Jambo la pili ni mkasi. Dukani, mtu asiye na fedha za boksi zima hukatiwa vidonge vitano au kumi, na ukanda ukikatwa, tarehe ya kuisha muda hubaki upande wa muuzaji. Nilikuwa nikipokea vipande hivyo ndani ya bahasha ndogo ya kaki iliyoandikwa "1×1" kwa kalamu ya bluu, bila jina la kiwanda wala namba ya toleo, nami nikimpa mzazi wangu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, karibu bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni duni au bandia, kwa hiyo wasiwasi wangu haukuwa wa bure. Mtandaoni naletewa boksi zima lililofungwa, na naisoma tarehe mwenyewe kabla sijamlipa kijana wa boda kwa mobile money.

Utaratibu wenyewe ni mfupi: napiga picha ya cheti, naituma, na mfamasia hunipigia. Simu hiyo ndiyo iliyonifanya niwaamini. Mara ya kwanza aliomba kuzungumza na mama mwenyewe, akamuuliza, "Hajati, miguu haivimbi?" Ilikuwa inavimba vifundoni kwa miezi, na sisi tulisema ni uzee na kusimama jikoni. Akatueleza kwamba amlodipine inaweza kuleta uvimbe huo, tusiiache ghafla, bali turudi kwa daktari, jambo ambalo hakuna aliyewahi kututajia dirishani, penye watu ishirini nyuma yako.

Hao watu ishirini nao ni sababu. Mdogo wangu ana kifafa, na anayeuza dawa katika duka la mtaani ni shangazi wa binti aliyekuwa akimchumbia. Sihitaji kueleza zaidi kwa nini carbamazepine yake inakuja ndani ya mfuko usio na maandishi.

Kasoro zipo, na moja ilinikasirisha sana. Mwaka jana walituletea losartan ya miligramu 100 badala ya 50. Niligundua kwa sababu kidonge kilikuwa kikubwa kuliko mama alivyozoea, si kwa sababu nilisoma boksi, na hilo nalikiri. Walikubali kosa na kubadilisha bila malipo, lakini mzigo sahihi ulifika siku ya pili yake jioni, na kwa kuwa nilikuwa nimeagiza dawa za zamani zikiwa zimekwisha, mama alikaa siku mbili bila dozi ya jioni. Pia nisingeagiza insulini kwa njia hii. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na sijaona boda akiwa na kitu cha kuiweka hivyo kutoka Kampala hadi kwetu juani.

Kuna siku pia niliomba azithromycin, dawa ya kuua bakteria, kwa ajili ya kikohozi cha mwanangu, bila cheti, wakanikatalia. Nilibisha, nikamwambia mfamasia kwamba mteja wa miaka yote hii hatendewi hivyo, naye akanijibu kwa upole, "Kaka, nenda apimwe kwanza." Mtoto alipimwa, ikaonekana ni mafua tu. Wale wanaouza dawa kwa WhatsApp wangeniletea saa hiyo hiyo, na ndiyo maana siwaweki kundi moja na famasi: hawana anwani ya duka, hawana leseni ya NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, ya kuonyesha, na hawaulizi chochote isipokuwa uko wapi.

Naendelea na famasi yangu. Oda ya mwezi huu nimeituma tarehe 22, vidonge vya siku nane vikiwa bado ndani ya boksi, na boksi jipya likifika mama ndiye atakayesoma namba ya miligramu kwa sauti kabla ya boda kuwasha pikipiki.