Halo Jones wa 2000 AD: uzoefu wangu wa kumsoma kwenye karatasi, PDF na toleo la rangi

2000 AD ni jarida la katuni la Uingereza linalotoka kila wiki tangu Februari 1977. Kila toleo, au prog kama wenyewe wanavyoliita, hubeba hadithi kadhaa fupi za wakati ujao, nyingi zikiwa za kuendelea. Wengi wanamjua Judge Dredd pekee, yule hakimu-polisi wa jarida hilo. Wakiulizwa shujaa wa kike hutaja Judge Anderson, msoma mawazo aliyeingia mwaka 1980 katika hadithi ya Dredd. Anderson ni mzuri, lakini Halo Jones amemzidi.

Mwandishi wa hadithi yake ni Alan Moore, mchoraji Ian Gibson. Kitabu cha Kwanza kilitoka prog 376 hadi 385 mwaka 1984, cha Pili 405 hadi 415 mwaka 1985, cha Tatu 451 hadi 466 mwaka 1986. Usihangaike kutafuta magazeti ya zamani, yote yamekusanywa katika juzuu moja.

Mwanzoni Halo hana nguvu za ajabu wala bunduki. Ni msichana wa karne ya 50 asiye na kazi, anayeishi Hoop, pete kubwa inayoelea baharini karibu na Manhattan, walikorundikwa maskini wasiohitajika mjini. Sehemu kubwa ya Kitabu cha Kwanza inahusu yeye na rafiki yake Rodice kwenda dukani. Ndiyo, dukani tu, na safari hiyo ni ya hatari kweli.

Hapo ndipo wasomaji wengi hukwama. Wahusika wanaongea misimu ya kwao na hakuna anayekufafanulia, kwa hiyo Kiingereza cha darasani hakitakusaidia sana. Usisimame kila neno. Soma sura nzima, angalia picha, kisha rudi. Maana nyingi zimo kwenye michoro ya nyuma, kwenye mabango na taarifa za habari. Usiruke pia kwenda Kitabu cha Pili kwa kuwa ni chepesi zaidi: kuna kifo katika cha Kwanza ambacho jibu lake liko cha Pili, na bila kuwajua waliokuwa nyumbani kwa Halo jibu hilo halitakuuma.

Cha Pili, Halo akiwa mhudumu kwenye meli ya anga Clara Pandy, kina sura ninayoirudia mara kwa mara: ile ya Glyph, aliyebadili jinsia mara nyingi hadi watu wanamsahau akiwa amesimama mbele yao. Kurasa chache tu, lakini haitoki kichwani. Cha Tatu ni cha vita, na kizito. Kwenye sayari ya Moab nguvu ya uvutano ni kubwa kiasi kwamba wakati wenyewe unapinda. Askari anapigana dakika chache, akitoka anakuta nje umepita muda mrefu sana.

Dosari? Sura zilipimwa kwa msomaji wa wiki. Ukizimeza kumi kwa mkao mmoja utachoshwa na vile kila kurasa chache hadithi inakatwa penye kishindo. Mbili au tatu kwa siku zinatosha.

Kuhusu muundo: duka la mtandaoni la wachapishaji, Rebellion, huuza faili za PDF na CBZ zisizo na kufuli la kuzuia kunakili. CBZ ni zip ya picha tu. Simu ikigoma kuifungua, badilisha mwisho wa jina uwe .zip. Ila kwenye simu umati aliouchora Gibson hugeuka vumbi jeusi. Tumia tableti, au nunua karatasi.

Toleo la rangi la 2018, juzuu tatu, lilipakwa na Barbara Nosenzo. Linamsaidia anayeanza kutofautisha watu ndani ya msongamano wa Hoop. Mimi bado nachagua nyeusi na nyeupe, hasa kwa Moab, kwa sababu mistari ya Gibson ilichorwa isimame bila rangi.

Vilipangwa vitabu tisa. Moore aligombana na wachapishaji wa wakati ule kuhusu haki za kazi hiyo, akaacha, kwa hiyo vipo vitatu tu.