Tailwind Typography: makala raha, mashairi kazi

Tailwind Typography ni plagini inayopanga sura ya maandishi marefu kwa watumiaji wa Tailwind, mkusanyiko wa mitindo ya CSS (lugha ya kupamba kurasa za wavuti). Nimeiweka kwenye tovuti ya mzee mmoja wa Mkomani, hapa Lamu, anayekusanya tenzi na mashairi ya zamani na kuyaandikia maelezo. Anayetumia Tailwind anaijua karaha yenyewe: CSS yake ya msingi huvua kila kitu, kichwa cha habari kikalingana na aya, orodha ikakosa vidoti. Na maelezo ya mzee hutoka kwenye hifadhidata yakiwa HTML tupu, kwa hiyo huwezi kuingia kila aya ukaipachika klasi (jina linalobeba mtindo).

Klasi moja tu, prose, ukiivika kisanduku cha nje, mambo hukaa sawa. Herufi pikseli 16, kimo cha mstari 1.75, na upana usiozidi 65ch, yaani sifuri 65 zikipangwa sambamba. Jicho halipotei likirudi mwanzo wa mstari. Nilichobadilisha kwenye maelezo ni rangi peke yake, maana kijivu chake ukikisoma forodhani jua la mchana, kwenye simu yenye kioo hafifu, kinafifia. Kigeu --tw-prose-body nikakipa nyeusi, basi. Bei? Bure, leseni ni MIT.

Sasa mashairi. Beti nilizitia ndani ya blockquote, kile kisanduku cha HTML cha nukuu, na plagini ikazilaza kwa italiki, ikafungua alama za kunukuu mwanzo na kuzifunga mwisho. Ubeti si maneno ya shahidi mahakamani! Alama zile zimewekwa kwa content: open-quote, unazifuta kwa CSS fupi, lakini lazima ujue zinakotoka.

Kubwa zaidi ni mizani. Utenzi hauna taabu, kipande cha mizani 8 kinaenea kwenye simu yoyote. Mshororo wa shairi wenye mizani 16 hauenei, na kivinjari huukata popote kinapoona nafasi. Mzee alitazama simu yake akaniuliza, "Mwanangu, kina cha kati kimekwenda wapi?" Dawa ni kuweka ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) na utao (nusu ya pili) kila kimoja kwenye span yake, yaani kifungashio kidogo cha HTML, uzipe inline-block ili kila nusu ikae kama kipande kimoja. Kwenye kompyuta vinakaa ubavu kwa ubavu, kwenye simu utao unashuka mzimamzima chini ya ukwapi. Hili plagini haikusaidii kabisa.

Tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu nazo zina mambo yake. Nilichagua fonti ya Amiri kutoka Google Fonts, nzuri mno, ila kwa pikseli 16 irabu za juu na chini hazisomeki, na kwa 1.75 mistari inasongamana. Nikaenda pikseli 22 na kimo 2.2, pamoja na dir="rtl" ili maandishi yaanzie kulia. Ile italiki ya blockquote ikikuponyoka hapa, herufi za Kiarabu zinalazwa upande, sura inaharibika.

Kwa blogu, habari au maelezo ya nyumba ya wageni kule Shela, naipa nyota 5, usisite. Kwa diwani naipa 3. Mwenye beti nyingi azifunge ndani ya klasi ya not-prose, plagini isiziguse, kisha azipambe kwa CSS yake mwenyewe.