Jengo la Maduka la Milton Keynes: Aanzie Hapa Anayetaka Kuuelewa Mji

Wageni wengi wanaofika Milton Keynes hukimbilia Bletchley Park, mahali ambapo Alan Turing na wenzake walifumbua jumbe za siri za majeshi ya Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kwa kweli ziara hiyo haifai kukosa. Hata hivyo, anayetaka kuuelewa mji wenyewe, ambao serikali ya Uingereza iliidhinisha ujengwe mwaka 1967 ili kupunguza msongamano wa makazi London, ningemshauri aanzie madukani.

Jengo kuu la maduka lilifunguliwa rasmi na Margaret Thatcher mwaka 1979. Wasanifu wake, Derek Walker, Stuart Mosscrop na Christopher Woodward, walilibuni kwa mfano wa mitaa miwili sambamba iliyoezekwa, yenye sakafu ya mawe ya travatini na vitalu vya mimea, huku mwanga wa jua ukiingia kupitia vioo vya juu, hivi kwamba mtu hutembea muda mrefu ndani yake bila kujihisi amefungiwa. Mistari yake imenyooka, haina mapambo ya kuvuta macho, na kwangu huo ndio uzuri wake. Mwaka 2010 liliingizwa katika orodha ya majengo yanayolindwa kisheria, nami naona lilistahili.

Bidhaa zenyewe hazina upekee, kwani maduka mengi ni yale yale ya miji mingine ya Uingereza. Linalonisikitisha zaidi ni jengo la nyongeza lililofunguliwa mwaka 2000, ambalo limeikata Midsummer Boulevard, barabara iliyopangwa kwa makusudi kuelekea jua linakochomoza siku iliyo ndefu kuliko zote za kiangazi. Wazo adimu kiasi hicho lilipaswa kulindwa.

Ukitoka upande wa mashariki, utaingia Campbell Park, na mbele zaidi kuna ziwa la Willen, ambako watawa wa Nipponzan Myohoji, jumuiya ya Kibuddha kutoka Japani, walikamilisha pagoda ya amani, yaani jengo takatifu la Kibuddha, mwaka 1980. Usiende kwa gari. Tumia njia nyekundu za watembea kwa miguu na baiskeli, ambazo zimetenganishwa na barabara kuu na mara nyingi hupita chini yake, kwa maana ndizo zinazoonyesha vyema zaidi jinsi mji huu ulivyofikiriwa kabla ya kujengwa.